Miji Mitatu Niliyoiwekea Vioo

Siku niliyoagwa kazini, wanafunzi wangu wa mwisho walikata keki, wakapiga picha, kisha mmoja wao akanisogezea simu. Walikuwa wanatazama miji ya Amerika, ile sura ya majengo marefu unayoiona ukiwa mbali, na walikuwa wanabishana mji upi unaongoza. "Mwalimu, wewe umepanda. Sema." Nikawaambia nimepanda mitatu tu, na kwamba jibu langu ni refu kuliko keki yenyewe. Wakacheka, wakarudi kwenye simu.

Jibu ndilo hili. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mnaoingia kazi hii sasa mmetoka Goma, Kisumu, Arusha, Bujumbura, na nimeona jinsi mnavyoyaitikia kwa kichwa mafunzo ya usalama ya Kiingereza. Kuitikia kwa kichwa si kusikia. Mimi pia niliitikia sana.

Nilikuwa seremala Morogoro, wa milango na madirisha. Toronto nilifikia kwa binamu yangu, Thorncliffe Park, nyumba ya ghorofani yenye watu wengi na choo kimoja, na hakuna aliyetaka kuona picha za madirisha yangu ya mninga. Wakala wa vibarua akanipeleka kiwanda kimoja Downsview kinachounganisha kuta za vioo: fremu za alumini, kioo ndani yake, kizima kizima, tayari kwenda kuning'inizwa kwenye jengo. Siku ya kwanza sikuzungumza na mtu. Nilishika upande mmoja wa fremu nikaenda ilikokwenda. Baada ya chakula cha mchana nikasikia mtu anapiga kelele nyuma ya rafu: "Mavi ya kuku! Kidole yangu!"

Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nitoke uwanja wa ndege. Akatokea Mgoa mfupi, mnene, mvi kichwa kizima, kidole kinachuruzika damu. Akaniuliza kwa Kiingereza ninacheka nini. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba kuku hana kosa lolote. Akashusha kile kidole.

"Kumbe wewe ni mtu," akasema. "Kuja, shika hii kitambaa."

Huyo ndiye Patrick. Alizaliwa Kisumu, baba yake karani wa reli. Kiswahili chake kilikuwa kile cha bara, cha haraka, kisichojali ngeli, na mkewe Philomena, aliyezaliwa Tanga, alikuwa akimsahihisha mezani mbele ya wageni. Patrick alikuwa kiongozi wa kikosi cha wapandaji, wale wanaoyapeleka yale makuta juu na kuyafunga. Alikuja kiwandani kuchagua mtu. Sijui kama alinichagua kwa mikono yangu au kwa sababu alitaka mtu wa kutukana naye akaeleweka.

Siku yangu ya kwanza juu, miguu ilinigoma. Sina njia nyingine ya kulisema. Ghorofa ilikuwa sakafu na nguzo tu, bila ukuta, na upepo unapita humo kama mwenye nyumba. Patrick hakuniambia nijikaze. Alinikalisha chini, mgongo kwenye nguzo, akanipa boksi la skrubu nizipange kwa ukubwa. Nikapanga. Zilikuwa zimeshapangwa, alizivuruga kwa makusudi. Nilipomaliza akaniambia nisimame, nikasimama.

"Usiangalie chini, usiangalie mbali," alisema. "Angalia mkono yako. Mkono ikiwa na kazi, roho inatulia."

Vyombo vyetu mnavijua, nitataja kimoja tu. Vikombe vya kunyonya, vile vya mpira vya kubebea kioo, vina pampu yenye mstari mwekundu. Ukiuona mstari, kikombe kinaachia. Wengi huutazama mwanzoni tu, wanapobandika. Patrick aliutazama kila pumzi. Na majira ya baridi alivaa vikombe vyake chini ya koti, kifuani, kwa sababu mpira ukishika baridi unakuwa mgumu na haung'ang'anii. Alionekana kama mwanamke mwenye maziwa makubwa, na vikosi vingine vilimcheka. Nasi pia tulimcheka, lakini tulivaa vya kwetu vivyo hivyo.

Kampuni yetu ilikuwa inauza kuta zake hata Marekani, na ilipendelea wafungaji wake wenyewe wazifuate. Ndivyo tulivyokwenda New York.

Kwanza niseme ukweli unaoudhi: ukifanya kazi ndani ya New York huioni New York. Ni kama kufanya kazi kisimani. Unainua kichwa unaona jiwe, matofali, jiwe, dirisha la mtu, na huko juu kipande cha mbingu kama kitambaa cha mkononi. Juu ya mapaa ya majengo ya zamani kuna matangi ya maji ya mbao, mapipa hasa, na mimi seremala nilikuwa nayatazama kuliko kitu kingine. Patrick aliupenda mji ule kupita kiasi. Jumapili baada ya misa alinivuta hadi kwenye feri, tukaenda ng'ambo ili tugeuke tuutazame.

"Ona," aliniambia. "Hakuna mtu alipanga hii. Kila mtu alijenga yake, akasukuma jirani yake, na imetokea hivi. Hii ndiyo namba moja. Kwisha."

Kweli ilikuwa ya kutisha, ule msongamano ukisimama nje ya maji. Lakini mimi nilichokichukua New York ni mzee mmoja. Tulikuwa tunabadilisha vioo vya jengo la ofisi, na upande wa pili wa barabara, sawa na usawa wetu, aliishi mzee peke yake. Kila asubuhi alikuja dirishani na kikombe cha kahawa, akakiinua kidogo kutusalimu. Nasi tuliinua chochote tulichoshika. Iliendelea majira yote ya kiangazi. Kisha asubuhi moja hakuja, na nyingine hakuja, halafu tukaona vijana wawili wenye glavu wanatia vitu vyake kwenye mifuko myeusi. Walifungua dirisha kwa sababu ya harufu. Kwa jinsi wale vijana walivyofanya haraka nilijua kwamba hakuna ndugu aliyesimama mlangoni. Patrick alivua helmeti, akaishika kifuani mpaka walipozima taa. Watu milioni ngapi kwenye ile picha mnayoisifu, na waliotambua kwamba yule mzee hayupo ni mafundi wawili wa kioo wasiojua jina lake.

Baada ya hapo tukapelekwa Chicago, na Chicago ndiyo iliyoniteka mimi. Mji ule unaacha nafasi. Jengo jeusi la chuma linasimama, kisha pengo, kisha jeupe, kisha mto unapita katikati na madaraja yanafunguka kama midomo, na mbele yake ziwa ambalo huoni ng'ambo. Kila jengo unaliona na miguu yake. Kwa fundi, hilo ni jambo kubwa. Unaona mahali vilipokutana chuma na kioo, unaona nani alifanya kazi yake na nani aliziba makosa yake kwa silikoni, ile gundi ya mpira.

Nilimwambia Patrick: "Huu ndio mji. New York ni soko. Hapa watu wamekaa chini wakafikiri."

"Watu wa kufikiri sana huchelewa misa," alijibu. Ubishi ule haukuisha miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Tulibishana kwenye lifti, kwenye lori, hata mbele ya padri.

Chicago ndiyo iliyonifundisha upepo. Chini mtu anatembea na gazeti halitikisiki. Juu, kwenye pembe ya jengo, upepo uleule unakupiga ngumi. Unakuja umenyooka kutoka ziwani, unafika kwenye pembe, unageuka, na pale unapogeuka ndipo unapoua. Patrick alibeba kipima upepo chake mwenyewe mfukoni. Kikipita kiwango, aliteremsha kikosi bila kuuliza mtu. Msimamizi wa huko alikuwa mtu mzima aliyewahi kumzika mwenzake, kwa hiyo hakubishana.

Na ndege. Hilo hamtalikuta kwenye picha. Majira ya vuli, ndege wadogo wanaohama kwenda kusini hupita Chicago, na hupita Toronto pia. Kioo kizuri ni kile kinachoonyesha mbingu, na ndege huifuata mbingu. Asubuhi tulipofika saiti tuliwakuta chini ya ukuta tuliofunga wiki iliyotangulia, wa manjano, wa kijivu, wengine bado na joto. Mfagizi aliwaokota kwa koleo. Kadiri tulivyousafisha ukuta, ndivyo walivyozidi. Tangu hapo Patrick aliacha kusifu kioo kwa kusema "hakionekani".

Tuliporudi, Toronto ilikuwa imeanza kuota majengo kila kona. Mnajua, ndiyo iliyowaajiri. Nikiulizwa na mgeni, nasema Toronto ni mji wa vioo, na majengo yote ni ya umri mmoja, kama wanafunzi waliopangwa mstarini kwa sare. Mnara mrefu mmoja katikati kama mwalimu wa zamu. Ukiitazama kutoka visiwani, jua likizama, vioo vyote huwaka kwa pamoja na mtu husahau baridi. Nilikuwa na haki ya kuupenda. Mikono yangu imo katika ile picha kuliko ilivyo katika miji mingine miwili. Lakini hapo ndipo lilipotokea lililotokea, na tangu siku ile nikiutazama huwa naona jengo moja.

Lilikuwa la nyumba za kuishi, karibu na ziwa. Tulikuwa ghorofa ya thelathini na kitu, mwisho wa majira ya baridi, theluji chafu bado barabarani. Ghorofa za chini yetu zilikuwa zimeshafungwa vioo. Sisi tulikuwa tunapanda ghorofa kwa ghorofa. Kikosi kilikuwa Patrick, mimi, na Trésor, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye watoto wawili wadogo na makaratasi ya ukaazi ambayo hayajajibiwa. Alikuwa fundi mzuri, mpole, anayeimba nyimbo za kanisa kwa pua.

Kazi ilikuwa hivi: winchi ya juu inateremsha kipande cha ukuta nje ya jengo, mmoja wetu anajiinamisha ukingoni, amefungwa kamba, anakipokea na kukiongoza kwenye mahali pake, wawili wanakifunga kutokea ndani. Anayejiinamisha ndiye mwenye kazi ngumu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Trésor.

Upepo ulianza baada ya chai. Patrick alitoa kipima upepo, akakitazama, akamwonyesha msimamizi. Msimamizi alikuwa mgeni saiti ile, mtu wa simu mbili, si mtu mbaya wa sura. Akasema kimebaki kipande kimoja upande ule, na winchi inahamishwa kesho kwenda saiti nyingine. Kimoja tu.

"Siwezi kuweka watu yangu pale," Patrick alimwambia, kisha akarudia kwa Kiingereza.

Msimamizi akasema sawa, wewe pumzika, Trésor atafanya na watu wa kikosi kingine. Akamgeukia Trésor moja kwa moja: atafanya au hafanyi?

Trésor alinitazama mimi, si yeye. "Mukubwa," aliniambia kwa sauti ya chini, "siwezi kukatala. Niko na batoto. Wakinifukuza sasa, ile dossier yangu ya makaratasi itakuwa namna gani?"

Patrick alimsikia. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya Trésor na kuifunga kwenye mkanda wake mwenyewe wa usalama, ule unaozunguka kiuno na mapaja.

"Toka," alimwambia. "Wewe ingia ndani, shika skrubu. Hii mzee atafanya."

Nikamwambia Patrick tuondoke sote, tushuke, tuone atafanya nini. Akasema tukishuka ataleta watoto wa kikosi kile kingine ambao hata mstari mwekundu hawaujui. "Kimoja," akasema. "Nafanya, tunaenda nyumbani."

Kipande kilishuka vizuri. Patrick alikishika kwa mikono miwili, akakivuta, na chini yake kikaingia kwenye mfereji wa alumini wa sakafuni. Juu bado. Kisha upepo ukageuka kwenye pembe. Sikuusikia, niliona tu kile kipande kikitoka nje kama mlango unaofunguliwa na mtu mwenye hasira, kikaenda, kikarudi. Kilimpiga ubavuni kikamtupa ng'ambo ya ukingo. Kioo kikapasuka kwenye nguzo. Kamba ikakaza kwa mlio.

Mkanda ulimshika. Alikuwa ananing'inia chini ya sakafu yetu, anapumua, anatukana kwa Kiswahili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani limekwisha.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kazi. Mkanda hukuzuia usifike chini. Haukupandishi. Tulivuta, watatu kisha watano, na kamba ikaanza kusagika kwenye ukingo wa chuma mpaka nyuzi zikatokeza, tukaacha. Ghorofa ya chini yetu, aliyokuwa usawa nayo, ilikuwa imefungwa kioo kizima. Tulikifunga wenyewe siku iliyotangulia, kwa ufundi wetu wote. Trésor alishuka ngazi akasimama ndani, uso kwa mgongo na Patrick, wametenganishwa na kioo cha tabaka tatu, hawezi kumgusa. Tukikivunja, vipande vyenye uzito wa mtu vingemwangukia yeye na walio barabarani. Lifti ya nje ilikuwa imezimwa kwa sababu ya upepo. Zima moto walipigiwa simu, wakafika chini upesi, wakaanza kupanda ngazi kwa miguu na mizigo yao. Mpango wa kuokoa watu pale saiti ulikuwa huo: kupiga simu.

Trésor akatoa kisu, akaanza kukata silikoni pembezoni mwa kioo kutokea ndani, ili akivute kiingie ndani kizima. Silikoni nzuri, iliyokauka vizuri. Alikata na kulia.

Mimi nililala kifudifudi ukingoni, kichwa nje, nizungumze naye. Daktari alinieleza baadaye kinachotokea: mtu akining'inia wima bila kukanyaga kitu, kamba za mapajani zinabana, damu inashuka miguuni na hairudi. Wakati ule nilijua tu kwamba lazima achezeshe miguu.

"Patrick, piga miguu! Kama unaendesha baiskeli!"

"Napiga."

"Hupigi. Naona."

"Miguu imelala, Damas. Na hapa kwa mbavu iko kitu imevunjika."

Uso wake sikuuona. Niliona helmeti na mabega. Nikaogopa asije akanyamaza. Nikamwambia aniambie anaona nini.

Helmeti ikainuka kidogo, akasema, "Naona yote. Ziwa. Kisiwa. Majengo yote mpaka kule Scarborough. Jua imetoka kidogo." Akapumua. "Iko mzuri, bwana. Mimi sikuangalia hii mji hata siku moja. Miaka yote naangalia mkono."

"Inaishinda New York?"

"Wacha ujinga," akasema, na nikacheka, na bado najisikia nikicheka.

Baadaye akaniuliza kama Philomena ameambiwa. Nikasema bado. Akasema asiambiwe na mtu wa ofisi. "Enda wewe. Sema na yeye kwa Kiswahili. Kiingereza yao itamuua." Kisha maneno yake yakaanza kuchanganyika, alimwita baba yake, akasema kitu cha treni. Kichwa kikainama.

Kioo kilitoka. Trésor na zima moto wawili walikivuta ndani kwa vikombe, wakamnyakua Patrick kiunoni, wakamwingiza. Alikuwa anapumua. Alifumbua macho, akaangalia dari. Nilishuka naye, nikapanda naye gari la wagonjwa, nimemshika mkono. Alifariki hospitali siku hiyohiyo, jioni, kabla sijampata Philomena, ambaye alikuwa ndani ya basi la kutoka kazini. Nilimsubiri mlangoni kwake Scarborough. Alipotokea kwenye lifti na mifuko ya dukani, alisimama pale pale.

"Shemeji," nilisema.

"Usiseme," akanijibu. "Ingia kwanza. Niweke maziwa kwenye friji."

Akaweka maziwa, akaweka na mayai, moja moja kwenye vishimo vyake, ndipo akakaa. Binti yao Melanie alikuja na kuniuliza maswali kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa Kiswahili kama nilivyoagizwa, na alielewa kila neno.

Uchunguzi ulikuja. Kampuni ilinitumia mtu mwenye suti, akaninunulia chai, akaniuliza polepole: si ni kweli Patrick alijifunga kamba mwenyewe? Si ni kweli haikuwa zamu yake? Nikasema ni kweli. Basi, akasema, hayo mawili yanatosha. Nikamwambia kuna la tatu, na la tatu ndilo linaloanza: kwa nini. Alinikumbusha kwamba kazi kama yangu ni chache kwa umri wangu.

Niliyasema yote mbele ya wachunguzi. Trésor naye, niliyedhani atajificha na singemlaumu, alikuja amevaa koti la kanisani akasema kwa Kifaransa kwamba kamba ile ilikuwa yake na kifo kile kilikuwa chake. Msimamizi alilia. Kampuni ilitozwa faini, ikabadilisha jina, malori yakapakwa rangi nyingine, na majengo yakaendelea kupanda. Trésor alipata makaratasi yake mwaka uliofuata. Hakupanda tena, anaendesha lori la mkate, na nikikutana naye kanisani huwa tunazungumzia watoto.

Mimi hakuna kikosi kilichonipigia simu. Ndipo nikaingia ukumbi wa mafunzo wa chama chetu cha mafundi, Downsview, ambako wengi wenu mlinikuta mkaniona mzee mkorofi. Sasa mnajua kwa nini niliwaning'iniza kwenye mikanda, mmoja mmoja, mpaka mkaomba kushushwa. Nilitaka miguu yenu ijue, maana kichwa husahau. Ule utepe mdogo wa kukanyagia, unaokunjwa kwenye kifuko kiunoni, mnaosema unawasumbua mkikaa chooni: uvaeni. Ukining'inia unaufungua, unaweka mguu, unasimama, damu inarudi. Na kabla hamjajifunga kamba, muulizeni msimamizi mbele ya watu: nikianguka hapa, nani ananifikia, na kwa njia gani? Akisema atapiga simu, kaeni chini.

Wiki chache baada ya kustaafu, Philomena aliniita. Tulikuwa tunaonana Pasaka na Krismasi, na hatukuwahi kulizungumza. Dirisha lake la sebuleni linatazama mjini. Siku za anga safi majengo yote yanaonekana, madogo, kama meno. Aliniambia kwamba Melanie anataka kumhamishia kwake Ottawa, na kwamba kabla hajaenda anataka kuliona lile jengo. Hajui ni lipi. Miaka yote amekuwa akiyatazama yote na kuyachukia yote, na amechoka.

Tulikwenda Jumapili, kwa basi na treni, kwa sababu alikataa kuendeshwa. Tulisimama upande wa pili wa barabara. Nilimwonyesha kwa mkono. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa nyuma, mkono kwenye kofia. Kulikuwa na baiskeli kwenye roshani, mimea, na kwenye kioo kimoja mtu alibandika michoro ya mtoto.

"Wanaoishi pale wanajua?"

"Hawajui, shemeji."

"Kile kioo alichokuwa anakiweka, ndicho kile?"

"Hapana. Kile kilivunjika. Pakawekwa kingine."

"Nani alikiweka?"

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Uchunguzi wa pale juu ulipokwisha, kabla sijaitwa kutoa ushahidi, walitaka lile pengo lizibwe, na nikaomba niende mimi.

"Mimi," nikasema.

Akanigeukia. "Ulirudi pale?"

"Sikutaka akiweke mtu asiyemjua."

Magari yakapita, taa ikabadilika, watu wakavuka wakituzunguka. Akatazama juu tena, pale pale, bila kutafuta sasa.

"Umekiweka sawasawa?"

"Sawasawa."

"Maji hayaingii?"

"Hayaingii."

Akatikisa kichwa kukubali, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akashika njia ya kurudi kituoni mbele yangu.